Darkseid: mtawala wa sayari ya moto na mwanajeshi aliyemchora

Vijana wengi wa Goma, Bukavu na Bunia, hata wale wanaoishi katika kambi za wahami, wanamjua Thanos. Filamu zake hupita kutoka simu moja hadi nyingine, na hakuna anayehitaji kuelezwa kwamba jitu lile la rangi ya zambarau liliua nusu ya viumbe vyote kwa kupiga vidole mara moja tu. Lakini kabla ya Thanos alikuwako mwingine, na bila huyo Thanos asingekuwa jinsi tunavyomwona leo. Jina lake ni Darkseid, nalo hutamkwa "Daksaid". Yeye pia ametoka nje ya dunia hii: ni mtawala wa sayari iitwayo Apokolips, na ni mmoja wa maadui wakatili zaidi ambao Superman amewahi kupambana nao katika magazeti ya katuni ya Marekani.

Aliyembuni anaitwa Jack Kirby. Ili kumwelewa Darkseid ni lazima kwanza kumfahamu mtu huyo, kwa sababu Kirby aliiona vita kwa macho yake kabla ya kuichora.

Kirby alizaliwa tarehe 28 Agosti 1917 katika mtaa wa maskini wa Lower East Side, mjini New York. Jina alilopewa na wazazi wake ni Jacob Kurtzberg. Walikuwa Wayahudi waliohama kutoka Austria, na baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha nguo. Mtaani kwao watoto walipigana makundi kwa makundi, barabara moja dhidi ya nyingine, kwa mawe na ngumi. Kijana huyo alijifunza kuchora karibu peke yake, akaanza kulipwa kwa kazi hiyo angali mdogo, kisha akabadilisha jina.

Mwishoni mwa mwaka 1940 yeye na mwenzake Joe Simon walitoa gazeti la kwanza la Captain America. Jaladani shujaa huyo anampiga Hitler ngumi ya taya. Leo picha hiyo haishangazi mtu. Wakati ule Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani. Ilibaki karibu mwaka mzima kabla ya shambulio la Pearl Harbor, na ndani ya New York kwenyewe kulikuwa na watu waliomwunga mkono Hitler hadharani. Simon alisimulia baadaye kwamba barua za vitisho zilikuja, watu wasiojulikana wakawa wanazurura mbele ya ofisi, hadi polisi wakawekwa mlangoni.

Mwaka 1943 Kirby aliitwa jeshini. Agosti 1944 alishuka kwenye pwani ya Normandy, Ufaransa, wiki chache baada ya uvamizi mkubwa wa mwezi wa Juni, akaingia katika jeshi la jenerali Patton. Mwenyewe alieleza kwamba ofisa mmoja alipogundua kuwa huyu ndiye mchoraji wa Captain America, alimpa kazi ya upelelezi: atangulie mbele, aingie katika vijiji, achore ramani na mahali adui alipo. Ni kazi ambayo mtu huenda bila uhakika wa kurudi. Majira ya baridi yalipofika, miguu yake iliganda kwa baridi kali, akapelekwa hospitali Uingereza. Madaktari walifikiria kumkata miguu. Haikukatwa. Aliondoka jeshini mwaka 1945, na watu waliomjua walisema kwamba hadithi za vita ziliendelea kumtoka mdomoni hadi uzeeni.

Miaka ya 1960 ndiyo iliyomfanya maarufu. Akiwa katika kampuni ya Marvel pamoja na mwandishi Stan Lee, alishiriki kuwabuni Fantastic Four, Hulk, Thor wa katuni na X-Men. Mwaka 1966 mkono huohuo ulichora Black Panther, mfalme wa Wakanda, nchi ya Afrika isiyowahi kutawaliwa na mkoloni na inayoshika madini yake yenyewe. Kwa msomaji wa Congo hiyo ni hadithi ya kubuni kwelikweli.

Lakini Kirby alikuwa akilipwa kwa kurasa. Gazeti likiuzwa sana, yeye alibaki na malipo ya kurasa zilezile. Jina likikua, lilikuwa la kampuni. Mwaka 1970 alichoka, akahamia kwa washindani, DC, wenye Superman. Alikwenda na mawazo ambayo hakutaka kuyaacha kwa waajiri wa zamani. Huko walimpa kwanza gazeti dogo la Jimmy Olsen, rafiki yake Superman, gazeti ambalo halikuwa na heshima kubwa. Hata humo, nyuso za Superman alizozichora zilifutwa na kuchorwa upya na wengine, kwa sababu kampuni ilitaka Superman afanane na yule wa siku zote.

Ndani ya gazeti hilo, toleo la 134 la mwishoni mwa 1970, Darkseid anaonekana kwa mara ya kwanza. Ni picha ndogo tu: uso katika kioo cha televisheni, ukimpa amri mtu wa duniani. Hakuna mlipuko, hakuna jengo linaloanguka. Mkubwa yuko mbali, na mtu wake yuko hapa. Hapo tayari Kirby alikuwa ameeleza jinsi utawala wa namna hiyo unavyofanya kazi.

Mwaka 1971 yalifuata magazeti mengine matatu aliyoyaandika na kuyachora mwenyewe: Forever People, New Gods na Mister Miracle. Yote manne yalisimulia habari moja kubwa iliyoitwa Ulimwengu wa Nne. Miungu ya zamani imekufa, na kutoka katika uharibifu huo zimebaki sayari mbili. New Genesis ina misitu na mwanga, na mji wake unaelea angani. Apokolips ni kiwanda kimoja kikubwa, chenye mashimo ya moto yanayowaka usiku na mchana, na chini yake mitaa ya watu waliochakaa kwa kazi, ambao hawana hata jina jingine ila "mbwa wa njaa". Askari wenye mabawa huruka juu ya vichwa vyao. Picha kubwa za mtawala ziko kila mahali.

Mtawala huyo ana mwili mpana na uso kama jiwe lililopasuka, na macho mekundu yanayotoa miale. Miale hiyo humfuata mtu, hukata kona pamoja naye, na ikimpata humfuta kabisa. Hata hivyo Darkseid hapendi kuitumia ovyo. Mara nyingi anasimama mikono nyuma, anazungumza polepole, anaacha wengine wachafue mikono. Mark Evanier, aliyekuwa msaidizi wa Kirby siku hizo, ameandika kwamba sura ilichukuliwa kwa mwigizaji Jack Palance, na tabia ilichukuliwa kwa madikteta wote ambao Kirby aliwahi kuwaona au kuwasoma, pamoja na sehemu kubwa ya Richard Nixon, aliyekuwa rais wa Marekani wakati huo.

Anatafuta nini duniani? Hatafuti dhahabu wala ardhi. Anatafuta kitu kiitwacho Fomula ya Kupinga Uhai, ambayo anaamini imefichwa vipandevipande katika akili za watu wa dunia. Atakayeipata ataamuru, na kila kiumbe kitatii bila kuweza kukataa hata moyoni. Kirby alieleza maana ya jina hilo kwa urahisi: mtu ambaye mwingine anamwongoza mawazo yote, huyo hayuko hai tena, hata kama anatembea na kula. Kwa hiyo Darkseid haui watu wote. Anawahitaji wabaki, ila wasiwe na neno.

Katika Forever People namba 3, ukurasa unafunguka na maneno ya Hitler mwenyewe, yakiwa yametiwa jina lake. Kisha anatokea mhubiri mmoja wa Darkseid, mzuri wa sura na mwenye sauti tamu, anayeitwa Glorious Godfrey. Anawaambia wasikilizaji wake kwamba mashaka yao yote yanaweza kuondoka: wavae kofia ya chuma, na kuanzia hapo kila watakalofanya litakuwa halali. Wanaivaa kwa furaha. Baada ya hapo wanachoma maktaba na kukamata watu. Waliochora maadui kwa ajili ya watoto kabla ya hapo waliwapa mizinga na majoka. Huyu alipewa kipaza sauti. Anayefanya kazi ya redio anaelewa kwa nini sura hiyo inatisha kuliko mizinga.

Toleo linalofuata lina bustani ya michezo ambamo wafungwa wanateswa mbele ya wageni waliolipa kiingilio. Kwa hila ya mashine, wageni wanaona burudani tu na wanacheka. Darkseid anatembea katikati yao bila kujificha. Mtoto mmoja wa kike anamwona na kuogopa. Babu yake anamtuliza kwamba huyo ni sehemu ya mchezo. Na Darkseid anakubaliana na mtoto: wadogo wanamwona jinsi alivyo, ni wakubwa wanaojitungia maneno ili wasimwone. Halafu anaenda zake. Hakumgusa mtu, na ni mahali pachache katika katuni zote za miaka ile penye baridi kama hapo.

Hadithi yenye uzito kuliko zote ni ile ya New Gods namba 7, ya mwaka 1972, iitwayo "The Pact", yaani Mapatano. Inarudi nyuma kueleza vita ilianzaje. Steppenwolf, mjomba wa Darkseid, anavuka kwenda New Genesis kuwinda kwa kujifurahisha, na huko anamwua Avia, mke wa kiongozi Izaya. Darkseid, aliyechochea safari hiyo, anamwacha Izaya hai makusudi, maana anajua mume atalipiza. Na analipiza kweli. Vita inakuwa kubwa, sayari zinapasuliwa, na Steppenwolf anauawa. Darkseid anapata mambo mawili kwa mpigo: mjomba aliyemzuia njia ameondoka, na adui ameingia katika vita ambavyo yeye Darkseid alivipanga.

Siku moja Izaya anatazama jeshi lake na anaona kwamba anapigana kwa kanuni za Darkseid, kwa silaha za namna ya Darkseid, na kwamba mtu aliyekuwa mume wa Avia hayupo tena. Anatupa silaha na mavazi ya vita, anaingia jangwani peke yake, anapiga kelele hadi anakutana na ukuta ambao maandishi ya moto yanajiandika juu yake. Kuanzia hapo anaitwa Highfather, na anatafuta amani.

Amani inakuja kwa bei. Ili kila upande uwe na dhamana, wanabadilishana watoto wa kiume. Orion, mwana wa Darkseid, anapelekwa New Genesis. Mwana wa Highfather, ambaye bado ni mdogo kabisa, anapelekwa Apokolips. Kirby hampambi Highfather kwa tendo hilo. Mtu mwema kuliko wote katika hadithi anamtoa mtoto wake kwa adui ili watoto wa wengine wasife, na msomaji anaachwa na swali hilo bila msaada.

Darkseid naye amefanya hesabu ya mbali zaidi. Anajua kijana huyo siku moja atatoroka. Akitoroka, mapatano yamevunjika, na aliyevunja ni upande wa pili. Hivyo mtoto aliyetolewa ili kuleta amani ndiye anayewekwa tayari kuwa sababu ya vita.

Mtoto anakabidhiwa kwa mama mzee mnene ambaye jina lake ukilitafsiri ni Nyanya Wema. Ana kituo cha mayatima. Watoto wanaingia wakiwa na majina yao; kinachotoka ni askari. Wanafundishwa kupigana wao kwa wao, kupokea kipigo kama zawadi, na kumpenda Darkseid kuliko mzazi. Nyanya huita kila adhabu huruma, na hukasirika mtoto asiposhukuru. Hata mtoto wa Highfather anapewa jina jipya, Scott Free, ambalo kwa Kiingereza ni mzaha: mtu aliyeponyoka bila kulipa. Huku mashariki mwa Congo, ambako kuna familia ambazo watoto wao walichukuliwa njiani au shambani na kurudishwa wakiwa na bunduki, kurasa hizo hazihitaji maelezo marefu.

Kutoroka kwenyewe kunasimuliwa katika Mister Miracle namba 9. Katika mitaa ya chini ya Apokolips anajificha fundi mmoja, Himon, anayewafundisha vijana kwa siri. Hawafundishi kuua. Anawafundisha kufikiri na kutengeneza vitu, jambo ambalo kwa Darkseid ni hatari zaidi. Scott anamsikiliza. Msichana askari, Barda, aliyelelewa na Nyanya yuleyule na kufika cheo cha juu, anamsaidia kufika mlangoni. Na Darkseid mwenyewe yupo hapo. Anamwita kijana abaki. Anamwahidi kwamba Apokolips itammaliza ujana na kumfanya mtu wake. Scott anapita na kuondoka, akitaka kwenda kujijua yeye ni nani. Duniani anakuwa mtu wa maonyesho anayefungwa kwa minyororo mbele ya watu na kujifungua. Wazo hilo Kirby alilichukua kwa mwenzake mchoraji Jim Steranko, ambaye ujanani alifanya kazi hiyohiyo.

Na yule mwingine, mtoto wa Darkseid? Orion alilelewa vizuri, akawa mpiganaji mkuu wa New Genesis. Lakini uso wake halisi ni wa Apokolips, na kifaa anachokibeba huuficha usionekane. Akikasirika sana uso ule hutoka. Unabii unasema kwamba baba na mwana watakutana mwishoni penye mashimo ya moto.

Kirby hakupewa nafasi ya kuufikia mwisho huo. Mwaka 1972 New Gods na Forever People zilisimamishwa, kila moja ikiwa imefika toleo la 11. Mister Miracle iliendelea hadi 1974. Kampuni ilisema mauzo hayakutosha. Kirby aliumia, na wasomaji waliokuwa wakifuatilia wakaachwa katikati ya njia.

Adui alibaki hai. Februari 1973, katika Iron Man namba 55 ya Marvel, mchoraji kijana Jim Starlin, aliyetoka jeshi la majini, alimtoa Thanos. Starlin ameeleza mwenyewe kwamba mchoro wake wa kwanza ulifanana na mtu mwingine wa Kirby, Metron, na kwamba mhariri Roy Thomas alimwambia kama anataka kuiga basi amwige aliye mkubwa, yaani Darkseid. Thanos akanenepa. Hata hivyo hawa wawili hawana shabaha moja: katika katuni Thanos anaua ili kumpendeza Mauti, aliyechorwa kama mwanamke, na katika filamu ya 2018 anadai kwamba viumbe wamezidi chakula. Anataka wapungue. Darkseid anataka wapige magoti. Filamu hiyo ilipeleka pigano kubwa la mwisho Wakanda, kwa hiyo nchi aliyoichora Kirby ilivamiwa na mtoto wa kambo wa adui aliyembuni Kirby.

Upande wa DC, wengine walimchukua Darkseid. Mwaka 1982 Paul Levitz na Keith Giffen walimwamsha miaka elfu moja mbele. Mwaka 2008 Grant Morrison alieneza Fomula kwa njia ya barua pepe na simu, na watu wakawa watumwa kwa kufungua ujumbe tu. Katika filamu ya Justice League ya Zack Snyder, 2021, alionekana hatimaye kwenye sinema ndefu, ingawa kwa muda mfupi.

Mwaka 1985 DC ilimwita Kirby amalizie, katika kitabu kiitwacho The Hunger Dogs. Wengi waliona kwamba hakikufikia kile kilichotarajiwa, na ni kweli kimebanwa. Lakini mwisho aliouchagua mzee huyo si ule wa unabii. Orion anashuka Apokolips, na jambo analolifanya huko ni kumtoa mama yake aliyefungwa. Hakumwua baba. Wanaoinuka dhidi ya Darkseid ni mbwa wa njaa wenyewe, wale wa mitaa ya chini ambao kurasa zote za nyuma ziliwaonyesha wakiwa wameinama, na mtawala anabaki akiangalia jiji lake likiwaka bila mtu wa kumwamuru.

Miaka hiyohiyo DC ilitengeneza sanamu za kuchezea za Darkseid na wenzake, na ikampa Kirby kazi ya kuzisanifu upya ili apate mgao wa mauzo. Kwa mtu aliyekuwa amechora zaidi ya miaka arobaini, mgao wa namna hiyo ulikuwa kitu kipya. Wakati huohuo alikuwa bado akiidai Marvel michoro yake ya asili, na mwaka 1987 alirudishiwa sehemu ndogo tu.

Kirby alifariki tarehe 6 Februari 1994. Miaka minne baadaye, katika kipindi cha televisheni cha katuni za Superman, Darkseid anavamia dunia. Polisi mmoja mfupi, mnene, mwenye kiburi cha mtaani, Dan Turpin, anasimama mbele yake na kuwaita watu wasimame naye. Wachoraji walimpa sura ya Kirby. Darkseid anashindwa, anageuka kuondoka, kisha kabla ya kuingia mlangoni anamtazama Turpin na kumfuta kwa miale ya macho. Anazikwa kwa desturi za Kiyahudi, na kipindi kinaisha kwa maandishi yanayosema kimetolewa kwa kumbukumbu ya Jack Kirby.